Kusahihishwa si kupikwa

Wapo wanaodai kwamba takwimu za ajira za Marekani za Mei na Juni 2025 zilipikwa, kwa kuwa ziliposahihishwa zilipunguzwa kwa ajira 258,000. Hapana, kupunguzwa huko hakutoshi kuthibitisha hilo. Idara ya Takwimu za Kazi ya huko huhoji biashara na taasisi za serikali zipatazo 121,000 kila mwezi, na kwa kuwa nyingi huchelewa kujibu, hesabu ya kwanza hutolewa kwa majibu yaliyokwisha kufika, kisha husahihishwa mara mbili katika miezi inayofuata, na mara moja kwa mwaka hulinganishwa na kumbukumbu za kodi ya bima ya ukosefu wa ajira, ambazo hugusa karibu waajiri wote. Hiyo ya mwaka ndiyo ningeiamini, ingawa huja wakati wanasiasa wamekwisha kugombana. Hata hivyo, sisi wa Tabora tusiipime hesabu hiyo ya Marekani kwa kipimo chetu: Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania huhoji kaya, kama ilivyofanya 2014 na 2020/21, nayo humhesabu mkulima wa tumbaku wa Urambo, ilhali hesabu ile ya waajiri wa Marekani huwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na waliojiajiri.