Maswali na Majibu: Programu ya Kuita Boda Huanzia Kijiweni

*Kutengeneza programu ya kuita bodaboda Mwanza ni shilingi ngapi? (Nyegezi)*

Swali hili linarudi kila mara. Fundi mkweli hataji bei kabla hujamwandikia programu itafanya nini. Andika kwanza.

*Abiria wa Mabatini akiweka pini, dereva anatokea upande wa pili wa mlima. Nifanyeje?*

Kwenye skrini ni mita mia mbili. Barabarani ni kuzunguka kilima kizima, kisha ngazi na majabali. Programu inayopima kwa mstari ulionyooka itakosea Mabatini, itakosea Igogo na Bugarika pia. Achana na pini ya mlangoni. Watu wetu husema "nifuate pale dukani, chini ya mwembe". Basi tembea kwa miguu, uorodheshe vijiwe, misikiti, makanisa, zahanati na maduka, kila mahali kwa majina yake yote, la zamani na la sasa. Abiria achague kituo, aongeze maelezo mafupi.

Na ukiwa kijiweni, kaa na mwenyekiti wao. Vijiwe vingi vina zamu. Programu inayompa safari aliye karibu zaidi, ikamruka aliyesubiri tangu alfajiri, inaleta ugomvi, na wa kulaumiwa ni wewe. Peleka ombi kijiweni, zamu iamue. Wanaonakili programu za miji mikubwa hawalioni hili, nami nimechoka kuwaona wakiwapotezea vijana muda na mafuta.

*Wateja wangu wa Igoma wana vitochi. Niwaache?*

Usithubutu. Wanatuma pesa kila siku kwa menyu za nyota na reli, kwa hiyo hata boda wataweza kuiita hivyo hivyo. Ila ujumbe wa menyu hizo hauzidi herufi 182 na muda wake hukatika upesi. Uliza matatu tu: uko wapi, unakwenda wapi, nauli hii unaikubali? Kabla hujapata namba fupi ya menyu yako, weka mtu wa kupokea simu.

*Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa. Nianze Mwanza, Sengerema na Geita kwa pamoja?*

Hapana. Anza na Igoma peke yake.

*Nikate kamisheni asilimia ngapi? (Buhongwa)*

Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, ilishusha kikomo cha kamisheni za programu hizi hadi asilimia 15, Uber ikasimamisha huduma nchini. Kikapandishwa hadi 25, ikarudi Januari 2023. Wengi mnaisoma 25 kama haki yenu, wakati ni kikomo tu. Kijana wa boda anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni, na mafuta ni juu yake. Ukimkata robo ya nauli, analala na nini? Mimi ningetoza ada ndogo ya siku, tena siku anayofanya kazi tu. Na abiria akimpa namba yake kwa hiari, wakaelewana nje ya programu, usimfungie dereva.

*Naweza kuuza namba za abiria kwa wenye matangazo? (Musoma)*

Hapana! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, nawe unatakiwa kujisajili kwenye Tume yake. Mfikirie mama anayefuata samaki Mwaloni kabla hakujapambazuka. Dereva asiyemfahamu tayari ana namba yake na anajua anapoishi. Safari ikiisha, vyote viwili vitoweke kwenye simu ya dereva. Kama fundi wako hawezi kufanya hivyo, usizindue.