Joto kwanza, chakula baadaye
Umeuliza kama umlishe kwa nguvu huyo geko chui uliyemwokoa, yule mjusi wa madoadoa anayefugwa nyumbani. Hapana, usimlishe kwa nguvu leo, hata kama mkia umekonda. Mpe joto na maji kwanza. Mwili wake hautengenezi joto, na akila akiwa amepoa chakula hakisagiki, huozea tumboni. Upande mmoja wa boksi ufike nyuzi 31 hadi 33 pale sakafuni, na upime, usikisie. Hewa ya Kampala haitoshi. Kwao ni nchi kavu za Pakistan na Afghanistan.

Vidole navyo vitazame kwa karibu. Niliyemlea mimi hapa Ntinda alikuja na ngozi ya zamani imemkaba vidole kama uzi. Usiivute! Msimamishe kwenye maji ya vuguvugu yasiyofika tumboni, kisha isugue polepole kwa pamba iliyolowa. Ikiachwa inazuia damu na kidole kinakatika.

Akianza kuwinda, nyenje wadogo waliopakwa unga wa kalsiamu. Nsenene, yaani panzi, wa kuokota nje waache, huenda wamepuliziwa dawa.

Ila taya likiwa laini au miguu imepinda, mpeleke kwa daktari wa wanyama leo hii.