Kamati ndogo ya Seneti ikikaidiwa

Swali: Habari za kazi, wakili. Kamati ndogo za uchunguzi za Bunge la Marekani hazina polisi wala mahabusu. Mtu akiikataa hati yao ya wito, nini kinafuata?

Jibu: Salama. Tuchukue Kamati Ndogo ya Kudumu ya Uchunguzi ya Seneti. Hiyo huanza kwa barua ya kuomba nyaraka na mahojiano ya faragha. Hiari ikishindikana, inatoa hati ya wito. Kikao unachokiona kwenye televisheni huja mwishoni, na uchunguzi ambao nyaraka zake hazijapatikana kufikia siku hiyo huwa hauna kitu.

Kamati ndogo haimfungi mtu. Shauri hupanda kwa kamati mama, kisha Seneti nzima hupiga kura. Ikichagua jinai, mkaidi hupelekwa kwa mwendesha mashtaka wa shirikisho, na akitiwa hatiani kifungo ni mwezi 1 hadi miezi 12. Hapa ndipo penye udhaifu: mwendesha mashtaka huyo ni wa serikali kuu, yaani upande wa Rais, kwa hiyo kesi dhidi ya ofisa wa serikali hiyo inaweza isifunguliwe kabisa. Ikichagua kesi ya madai, mawakili wa Seneti huomba amri ya mahakama, na anayeikaidi sasa anaidharau mahakama. Lakini sheria ya njia hii haimgusi ofisa wa serikali kuu anayekataa kwa niaba ya serikali.

Mfano ni Backpage, tovuti ya matangazo iliyochunguzwa kwa biashara ya ngono ya watoto. Mkurugenzi wake alipewa hati Oktoba 2015. Seneti ilipiga kura 96 kwa 0 Machi 2016, mahakama ikaamuru Agosti, ripoti ikatoka Januari 2017. Nyaraka zilionyesha kampuni ilikuwa ikifuta maneno yanayodokeza umri mdogo, kisha tangazo linachapishwa. Miezi 15 ni mingi mno watoto wanapouzwa.

Hati nyingine huangushwa na uzembe wa kamati yenyewe. Mwaka 1957, katika kesi ya Watkins, Mahakama ya Juu ilifuta hukumu ya shahidi aliyekataa kujibu maswali ya kamati, kwa sababu hakuelezwa wazi mada ya uchunguzi wala uhusiano wa maswali na mada hiyo. Ndiyo maana ni busara maelezo hayo yasomwe na yaingie kwenye kumbukumbu kabla ya swali la kwanza.

Angalia pia kalenda. Hati za Baraza la Wawakilishi hufa Bunge la miaka 2 linapomalizika, kwa hiyo anayevuta muda hunufaika. Seneti huhesabiwa kuwa chombo endelevu, kwa hiyo hati zake hazifi hivyo.