Swali la lugha: Je, fremu ya pikipiki "imedhoofishwa"?

Swali: Ninaandika habari za magari na pikipiki kwa Kiswahili. Nimeandaa maelezo ya pikipiki ya mbio ya Kiitaliano, Ducati Panigale V4, toleo la 2025, na mhariri amenirudishia aya hii akisema inapotosha: "Injini imerekebishwa. Sasa ina nguvu za farasi 216 na nguvu ya mzunguko 120.9. Krankshafti inazunguka nyuma. Fremu imedhoofishwa hadi asilimia 40 na mkono wa gurudumu la nyuma hadi asilimia 37. Mabawa, yaliyoanza katika toleo la 2020 yakiwa na kilo 30, bado yapo." Tarakimu zote nimezitoa kwa mtengenezaji. Kosa liko wapi?

Jibu: Tarakimu ni sahihi. Maneno yanayozibeba ndiyo yaliyokwenda kombo, na penye fremu yanasema karibu kinyume cha walichofanya wahandisi. Tuanze hapo, maana ndipo penye kosa zito.

Kudhoofisha ni kukipunguzia kitu nguvu au afya. Mgonjwa hudhoofika, ukuta uliolowa maji hudhoofika. Msomaji akiambiwa fremu ya pikipiki inayokwenda zaidi ya kilomita 290 kwa saa imedhoofishwa, ataogopa kuipanda, na ana haki ya kuogopa. Lakini Ducati hawakuipunguzia fremu uwezo wa kubeba mzigo. Walichopunguza ni ukakamavu, yaani jinsi inavyokataa kupinda inaposukumwa. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa katika uhandisi, na Kiswahili kina maneno ya kuyatenganisha. Uimara ni kiasi cha mzigo ambacho kitu kinaweza kustahimili kabla ya kuvunjika au kupinda bila kurudi. Ukakamavu ni jinsi kitu kinavyogoma kupinda chini ya mzigo ambao, ukiondolewa, kitarudi katika umbo lake. Upinde wa mwindaji una ukakamavu mdogo, wala hakuna atakayeuita dhaifu.

Neno la tatu, ugumu, liache kwa uso wa kitu: chuma kigumu hakichubuki wala hakichimbiki kwa urahisi. Waandishi wengi hulitumia kwa maana zote tatu, na hapo ndipo msomaji fundi anapoanza kukuna kichwa.

Ukakamavu una tatizo lake dogo: wengi hulijua zaidi kwenye gwaride, askari anaposimama wima bila kuyumba. Kwa hiyo ulifafanue mara ya kwanza unapolitumia, kisha endelea nalo. Kinyume chake ni unyumbufu, na kitenzi ni kunyumbuka: kupinda na kurudi. Angalia sana herufi hapa. Kunyambuka, kwa *a*, ni kuchanika vipandevipande. Fremu inayonyumbuka ni sifa nzuri; fremu inayonyambuka ni ajali.

Kwa nini mtu apunguze ukakamavu makusudi? Ukilijua jibu, hutakosea tena kuchagua neno. Pikipiki ya mbio inapolala kwenye kona kwa nyuzi zinazokaribia 60 kutoka wima, vibonde na vituta vya lami haviisukumi tena shokapu kwa kufuata mhimili wake. Sehemu kubwa ya msukumo huja ubavuni, mahali ambapo shokapu haiwezi kubonyea. Fremu ikiwa kakamavu mno, tairi hudundadunda, mpandaji husikia mtetemo mikononi, na mshiko unapotea katikati ya kona. Fremu na mkono wa nyuma vikinyumbuka kidogo ubavuni, vyenyewe hufanya kazi ambayo shokapu imeshindwa. Ndiyo maana toleo la 2025 likaacha mkono wa upande mmoja uliokuwapo tangu Panigale V4 ya kwanza ya 2018, likachukua wa pande mbili. Mkono unaoshika gurudumu kwa upande mmoja tu hulazimika kuwa mnene ili usijisokote, na unene huo huleta ukakamavu. Kwa wapenzi wa Ducati uamuzi huo haukuwa mdogo: mkono wa upande mmoja ulikuwa alama yao tangu Ducati 916 ya mwaka 1994.

Kwa hiyo neno "ubavuni" ni la lazima. Pikipiki inapofunga breki kwa nguvu, fremu hubebeshwa mzigo kutoka mbele kwenda nyuma, na huko haitakiwi kulegea. Ukiandika tu "ukakamavu umepunguzwa", umesema zaidi ya ukweli. Wala usiandike "ukakamavu wa upande", kwa sababu katika aya hiyohiyo una mikono ya upande mmoja na ya pande mbili, na msomaji atachanganyikiwa.

Sasa "hadi". Kitu kilichopunguzwa *hadi* asilimia 40 kimebakiza 40. Kilichopunguzwa *kwa* asilimia 40 kimebakiza 60. Fremu ya 2025 imepunguziwa ukakamavu wa ubavuni kwa asilimia 40, na mkono wa nyuma kwa asilimia 37, yaani umebakiza 63. Kihusishi kimoja kimepotosha tarakimu zote mbili. Kosa hili limeenea hata katika taarifa za bei na bajeti, na linafaa kupigwa vita kila linapoonekana.

Kuna na umbo la kitenzi. "Umepunguzwa" huonyesha kwamba kuna aliyeamua. "Umepungua" huonyesha kwamba jambo limetokea lenyewe. Tunasema breki zimepungua nguvu kwa sababu pedi zimeisha. Basi kwa kila badiliko la wasanifu tumia kauli ya kutendwa, na kwa tabia ya chombo chenyewe tumia umbo lisilo na mtenda: ukakamavu *umepunguzwa*, kwa hiyo fremu *inanyumbuka*. Msomaji ataona sababu na matokeo bila wewe kuongeza neno.

Tuje kwenye nguvu, ambayo umeitumia mara mbili kwa vipimo visivyofanana. Katika fizikia ya Kiswahili, kani ni msukumo au mvuto, nishati ni uwezo wa kufanya kazi, na nguvu ni kasi ya kufanya kazi hiyo, inayopimwa kwa wati. Farasi 216 ni nguvu kwa maana hiyo hasa, kwa hiyo hapo hujakosea. Lakini 120.9 ni nyutoni-mita, kipimo cha jinsi krankshafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, inavyosokotwa. Hiyo si nguvu. Iite kani ya msokoto, au msokoto tu ukishaifafanua. Wapo wanaoandika "toki", na mazungumzoni haina ubaya. Kwenye maandishi inagongana na "toki" ya "tangu". Jaribu kusoma "toki 2025 imeongezeka" uone.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Dereva wa bodaboda anayepanda mlima na abiria wawili anategemea msokoto wa injini yake ukizidishwa na gia ya kwanza. Nguvu ndiyo inayoamua ataufikisha mzigo huo juu kwa muda gani. Viwili hivi huunganishwa na mizunguko: zidisha nyutoni-mita kwa mizunguko kwa dakika, gawa kwa 9,549, utapata kilowati. Panigale hii hufikia msokoto wake wa juu, 120.9, katika mizunguko 11,250. Hapo nguvu ni kilowati 142.4 hivi. Nguvu ya juu kabisa, kilowati 158.9, huja katika mizunguko 13,500, na ukirudisha hesabu utaona msokoto umeshashuka hadi karibu 112.4 (hapa "hadi" ni sahihi). Kwa hiyo sentensi yako inayosema injini "ina" vyote viwili, bila mizunguko, inamfanya msomaji adhani vinapatikana kwa pamoja. Havipatikani.

Hata farasi wana kabila. Farasi wa kimetriki ni wati 735.5, wa Kiingereza ni wati 745.7. Kilowati 158.9 ni farasi 216 wa kimetriki, lakini 213 wa Kiingereza. Tanguliza kilowati, kisha useme ni farasi gani. Kuhusu "nguvu za farasi" au "nguvu ya farasi", yote mawili yameshika. Chagua moja na upatanishi wako ulifuate mpaka mwisho wa makala.

"Krankshafti inazunguka nyuma" inaeleza mahali. Msomaji ataitafuta krankshafti chini ya kiti. Unachotaka kusema ni kwamba inazunguka *kinyume na magurudumu*. Katika pikipiki nyingi huzunguka kwa mwelekeo uleule wa magurudumu. Ikigeuzwa, hupunguza ule ukaidi wa magurudumu yanayozunguka kwa kasi, na pikipiki hugeuka upesi kutoka kona hadi kona. Tena mpandaji anapofungua mafuta, mwitikio wake husaidia kulizuia gurudumu la mbele lisinyanyuke. Gharama yake ni gia moja ya ziada kati ya krankshafti na klachi, ambayo hula nguvu kidogo.

Mabawa ya kilo 30 yangeizuia pikipiki kuondoka. Tarakimu hiyo ni ya mgandamizo ambao upepo huuweka juu ya mabawa ya toleo la 2020 ikienda kilomita 270 kwa saa. Andika "mgandamizo unaolingana na uzito wa kilo 30 kwa mwendo wa kilomita 270 kwa saa". Usiuache mwendo nje, kwa sababu mgandamizo wa upepo huongezeka kwa mraba wa kasi: kwa nusu ya mwendo huo unabaki robo tu. Na kwa kuwa bawa, kwa watu wengi, ni la kurukia, sema mapema kwamba haya yamegeuzwa ili yasukume chini.

Limebaki "imerekebishwa". Kinachorekebishwa kilikuwa na hitilafu. Klachi inayoteleza hurekebishwa. Injini iliyowekewa kamshafti (mihimili inayofungua vali) zenye umbo jipya *imesanifiwa upya* kwa sehemu, au sema waziwazi kilichobadilika. "Imeboreshwa" ni hukumu, si maelezo, na matangazo yameichosha. Iruhusu pale tu unapoweza kuonyesha ubora wenyewe. Kwa programu za kielektroniki "kuhuisha" kunafaa. Na "fremu imebadilishwa" itasomwa na wengi kuwa ya zamani imetolewa ikafungwa nyingine, kama tairi. Kwa usanifu ni salama zaidi kutaja umbo: "umbo la fremu limebadilishwa".

Aya yako, basi, inaweza kusomeka hivi:

"Injini ya toleo la 2025 ina kamshafti zenye umbo jipya. Nguvu yake ya juu ni kilowati 158.9, sawa na farasi 216 wa kimetriki, katika mizunguko 13,500 kwa dakika; msokoto wa juu ni nyutoni-mita 120.9 katika mizunguko 11,250. Krankshafti inazunguka kinyume na magurudumu. Ukakamavu wa ubavuni wa fremu umepunguzwa kwa asilimia 40, na wa mkono wa gurudumu la nyuma kwa asilimia 37, ili vinyumbuke pikipiki inapolala kwenye kona."

Mabawa nimeyaacha makusudi. Kilo 30 ni habari ya toleo la 2020, na umbo la mabawa limebadilika tangu wakati huo. Yape sentensi yao penginepo.

Jambo moja zaidi ikiwa unasoma nyaraka za Kiitaliano moja kwa moja. Waitaliano hutumia mkato pale sisi tunapotumia nukta, na nukta pale tunapotumia mkato. "13.500" yao ni elfu kumi na tatu na mia tano, na "120,9" yao ni 120.9 yetu. Zigeuze zote kabla hujaanza kuandika, si baada, maana zikishaingia katikati ya sentensi za Kiswahili jicho huzipita.