Uvimbe Ukinywea Kabla ya Mionzi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa dada mmoja wa Mombasa ambaye baba yake ana saratani ya sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua. Mzee amekwisha kutundikiwa dripu za jemsitabini na sisplatini, dawa za kuua chembe za saratani, pamoja na dawa ya kuamsha kinga ya mwili, uvimbe wa shingoni umenywea, na sasa anauliza mionzi ni ya nini tena.

Nilipotibiwa ugonjwa huohuo kwa mpangilio huohuo, shingo yangu ilipungua hata kifungo cha kola ya shati kikafungika tena, na shemeji yangu mmoja akatangaza mbele ya wageni kwamba nimepona na kwamba madaktari wanatafuta fedha tu. Maneno yale yananiuma hadi leo. Nilikwenda kwenye mionzi peke yangu, nikalazwa chini ya ile barakoa ya plastiki inayobana uso mezani, na leo ninakula ugali, ingawa kwa mchuzi mwingi, kwa kuwa mate yamepungua.

Tuelewane basi. Dawa zinazotangulia hupunguza uvimbe na kuziwahi chembe zilizokwisha kutawanyika, lakini kwa saratani hii mionzi ndiyo tiba yenyewe. Katika utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2024, wagonjwa 425 wenye hatari kubwa ya ugonjwa kurudi walianzishiwa dripu hizo mbili, kisha mionzi. Kati ya walioongezewa sintilimabu, ambayo ni dawa ya kinga, asilimia 86 walifika miaka mitatu bila ugonjwa kurudi wala kifo, ilhali wenzao walikuwa asilimia 76. Makundi yote mawili yalipangiwa mionzi, kwa hiyo anayeachia njiani asijihesabu humo.

Sisplatini huenda ikarudi pamoja na mionzi, nayo huumiza figo. Mzee azingatie maji anayoelekezwa kunywa, na aseme mara masikio yanapoanza kuvuma. Kinga iliyoamshwa na ile dawa ya kinga pia huweza kushambulia mapafu, utumbo au tezi ya thairoidi, hata miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho, hivyo kikohozi kipya au kuharisha kusiishie duka la dawa. Narudia: asikose mionzi, na kama ana shemeji, asimsikilize.

Amwone pia daktari wa meno wiki hii. Meno mabovu yang'olewe sasa ili vidonda vipone mapema, maana jino likitolewa baadaye, taya lililopigwa mionzi huweza kukataa kupona na mfupa wake ukafa.