Kwa wanaoanza kutafiti hadithi za watoto za kutisha

Mwanafunzi wa uzamili akinijia na wazo la tasnifu kuhusu hadithi za kutisha wanazosomewa watoto, namuuliza kwanza: unasoma toleo lipi? Wengi hushangaa, maana walijiandaa kuulizwa nadharia.

Swali hilo lilinigharimu. Nikiwa mwanafunzi niliandika sura nzima kuhusu mama wa kambo katika hadithi za ndugu Grimm, Wajerumani wawili waliokusanya na kuchapisha ngano, nikidai kwamba ndiye hofu ya kale ya watoto wa Ulaya. Msimamizi wangu alinirudishia kurasa zote na agizo moja: katazame toleo la 1812. Nikatazama. Humo, anayeamuru Snow White, binti wa kifalme, auawe ni mama yake mzazi. Mama wa kambo anaingia mwaka 1819. Kwa Hansel na Gretel, mama mzazi hakugeuzwa wa kambo hadi 1840. Hofu niliyoiita ya kale ilitengenezwa mezani, wakati Wilhelm Grimm akizirekebisha hadithi zifae nyumba zenye watoto. Sura ile niliitupa. Nilibaki na swali ninaloendelea kulifanyia kazi: mtu mzima akipunguza ukali wa hadithi, anamkinga mtoto au anajikinga mwenyewe?

Picha nazo zisomeni kama maandishi. Mkusanyiko wa Alvin Schwartz, Scary Stories to Tell in the Dark, ulianza kutoka 1981 ukiwa na michoro ya Stephen Gammell, na mfululizo wake ukaongoza orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyopingwa zaidi, yaani ambavyo watu walitaka viondolewe maktabani au shuleni, kati ya 1990 na 1999. Mwaka 2011 hadithi zilichapwa tena kwa michoro mipya, tulivu zaidi, ya Brett Helquist. Wasomaji waliokulia na ile ya kwanza walilalamika sana. Uhakiki wa maneno peke yake hauwezi kueleza malalamiko yao.

Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi nafsi, na insha yake ya 1919 kuhusu hofu ya kitu tukijuacho kinachogeuka kigeni (The Uncanny kwa Kiingereza), mtamsoma tu, hakwepeki. Ila sisi tuliolelewa kwa “Paukwa!” “Pakawa!” tunajua jambo ambalo vitabu vingi vya nadharia hulipita haraka: zimwi la kusimuliwa gizani, umebanana na ndugu zako na bibi yupo, halitishi sawa na zimwi la kusoma peke yako. Liandikeni hilo bila woga.

Na jifunzeni Kijerumani cha kusomea, hata kidogo. Matoleo ya Grimm yapo bure kwenye intaneti, na tafsiri nyingi za Kiingereza zinafuata lile la mwisho, la 1857.