Kabla ya Kumsaka Mpelelezi, Lindeni Karatasi Zenu

Vijana wanaoanza harakati za mazingira huniuliza: tutamjuaje aliyetumwa na kampuni? Baada ya miaka mingi katika vikundi hivi, nawasihi waanze na karatasi zao kwanza.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya upelelezi ya Beckett Brown International ilikuwa ikipekua takataka za ofisi ya shirika la mazingira la Greenpeace mjini Washington. Greenpeace ilipofungua kesi mwaka 2010, ilizitaja pia kampuni mbili za uhusiano wa umma na kampuni za kemikali zilizokuwa wateja wao. Kesi ilitupwa. Kwa hiyo msitegemee sheria iwalindie pipa la taka. Orodha ya wafadhili ikishatumika, ichaneni vipande vipande.

Lakini kwa nini watu wa uhusiano wa umma? Kwa sababu wanachotafuta hasa ni nyufa zenu. Mwaka 1991 Ronald Duchin, wa kampuni ya uhusiano wa umma ya MBD ya Washington, alieleza hadharani namna ya kuwagawa wanaharakati mafungu manne: wenye msimamo mkali, wanaotafuta maslahi, wenye maono, na wanaokubali mambo nusu nusu. Wa kwanza watengwe, wa mwisho wavutwe mezani. Kazi hiyo haifanyiki bila kujua nani ni nani.

Ndiyo maana mimi husikiliza maswali ya mgeni. Kikundi kimoja nilichokuwamo kilipokea mtu mchapakazi sana, aliyejitolea kuandika kumbukumbu za vikao. Kuhusu kampeni hakuuliza sana. Aliuliza nani haelewani na mwenyekiti, nani anadaiwa. Tulipomwomba wadhamini wawili, hakurudi tena. Hatukuwahi kujua kama alitumwa. Kilichotuumiza zaidi ni minong'ono iliyofuata: wenzetu waaminifu wakaanza kutazamana kwa jicho baya, na wawili wakajitoa. Hasara hiyo hakuna mpelelezi aliyehitaji kulipwa ili aisababishe.

Basi wekeni utaratibu mmoja kwa kila mtu, hata rafiki wa mwenyekiti: wadhamini, muda wa kungoja kabla ya kuona orodha za majina, na vikao vya mipango kwa wanaohusika tu. Mwenye shaka amwambie mtu mmoja aliyechaguliwa, asiitangaze kwenye kundi la simu.

Na andikeni nani alijiunga lini na kwa kazi gani, maana huenda siku moja mkahitaji ushahidi mahakamani. Uswisi, wanachama wa Attac, kikundi kinachokosoa nguvu za makampuni makubwa, waliokuwa wakiandika kitabu kuhusu kampuni ya vyakula ya Nestlé, walipenyezewa mtu wa kampuni ya ulinzi ya Securitas, iliyokuwa ikiifanyia kazi Nestlé, mwaka 2003. Walishtaki, na mwaka 2013 mahakama ikawapa haki na fidia.